Colorado na Hesabu ya Moshi: Jimbo Linavyopanga Usafiri Safi, na Nani Anaulipia

Ukiwa Denver, jiji kuu la Colorado, ukaagiza kitu mtandaoni, kiwe kiatu au televisheni, chini ya stakabadhi utakuta mstari mmoja ambao ndugu yako wa Texas haoni: tozo ya jimbo kwa mzigo unaoletwa na gari hadi mlangoni. Ilipoanza Julai 2022 ilikuwa senti 27. Ni ileile kwa agizo la dola 15 na la dola 1,500. Wengi hawaisomi, wachache hulalamika, na sijasikia mtu aliyeacha kuagiza kwa ajili yake.

Senti hizo ni kipande cha mpango uliowafanya wapangaji wa barabara katika majimbo mengine ya Marekani waitupie Colorado jicho. Hili ni jimbo lililozoea kupanua barabara kila foleni ilipozidi. Mwaka 2021 likajiwekea kanuni kwamba kabla ya kupanua, lazima lipige hesabu ya moshi. Hesabu ikigoma, pesa zihamie kwingine. Tuanze na pesa zenyewe, maana ndizo zilizolisukuma jimbo hadi hapo.

Barabara za Marekani zimejengwa kwa kodi ya mafuta. Kodi ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni ya petroli, yaani karibu lita 3.8, na haijapanda tangu 1993. Kodi ya Colorado ni senti 22, haijaguswa tangu 1991. Katika muda huo lami, saruji na ujira wa mafundi vimepanda vibaya, magari yamepunguza kunywa mafuta, na ya umeme hayanywi kabisa. Bunge la jimbo lingependa kuongeza kodi, lakini haliruhusiwi. Mwaka 1992 wapiga kura waliingiza kwenye katiba ya jimbo kifungu kinachojulikana kama TABOR, kinachosema kodi mpya, au nyongeza ya kodi ya zamani, lazima kwanza wananchi waipigie kura. Na mwananchi akiulizwa kama anataka kodi, jibu lake unalijua. Novemba 2018 Colorado iliulizwa maswali mawili ya kugharamia barabara, moja la kodi ya mauzo na jingine la kukopa. Yote mawili yakaanguka.

Ndipo tozo ilipoingia. Msomaji wa Tanzania aliyefuatilia mjadala wa tozo za miamala ya simu mwaka 2021 atajisikia nyumbani hapa. Kwa sheria ya Colorado, kwa kawaida tozo haihitaji kura ya wananchi, mradi itumike kwenye huduma inayohusiana na yule anayeilipa. Juni 2021 Gavana Jared Polis akatia saini sheria namba SB 260, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka kumi. Ndani yake mlikuwa na senti 27 za mzigo. Senti 30 kwa kila safari ya Uber au Lyft, zinazoshuka hadi 15 ukichangia safari na abiria mwingine au gari likiwa la umeme. Senti mbili kwa galoni ya petroli, zinazopanda kidogokidogo hadi nane. Pamoja na nyongeza ya ada ya mwaka kwa wenye magari ya umeme, kwani nao wanakanyaga lami ileile. Sehemu ya fedha hizo ikagawiwa taasisi maalumu: kuna ya vituo vya kuchajia, kuna ya mabasi ya umeme, kuna ya magari ya biashara, na kuna ya kupunguza uchafuzi katika ukanda ambao hewa yake inavuka viwango vya ozoni, gesi ambayo ikiwa karibu na ardhi hudhuru mapafu. Wapinzani walisema hii ni kodi iliyobadilishwa jina. Kusema kweli ni vigumu kuwabishia.

Ubaya wa tozo ya kiwango kimoja unajulikana: mama anayeletewa sabuni za dola 20 analipa sawasawa na anayeletewa sofa la dola 2,000. Hili tutalirudia, kwa sababu mpango huu ulinadiwa kuwa ni wa haki.

Pesa zikishapatikana, anayeamua ziende wapi si gavana peke yake. Idara ya Uchukuzi ya jimbo, CDOT, iko chini ya Tume ya Uchukuzi yenye wajumbe 11 wanaoteuliwa na gavana. Kando yake yapo mabaraza ya mipango ya kikanda. Sheria ya serikali kuu inataka kila eneo la mjini lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na baraza la namna hiyo, ambamo mameya, madiwani na makamishna wa kaunti hukaa meza moja. Colorado inayo matano. Kubwa kuliko yote ni la eneo la Denver, DRCOG. Kila baraza huandika mpango wa miaka 20 na zaidi, kisha hutengeneza orodha fupi ya miradi ya miaka minne. Mradi usiokuwemo kwenye orodha hiyo hauoni senti ya serikali kuu. Vikao hivyo ni vya kuchosha, lugha yake ni kavu, na waandishi wa habari hawaendi. Lakini hotuba za tabianchi na vijitabu vyenye picha za watoto kwenye baiskeli havina uzito wa orodha ile. Ukitaka kujua jimbo litakuwaje baada ya miaka kumi, soma orodha.

Na hapo ndipo Colorado ilipoweka mkono. Mwaka 2019 bunge lilipitisha sheria ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 26 ifikapo 2025 na asilimia 50 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2005. Usafiri ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya gesi hizo. Desemba 2021 Tume ya Uchukuzi ikapitisha kanuni inayowabana CDOT na mabaraza yote matano.

Kanuni inafanya kazi hivi. Baraza linachukua mpango wake wa zamani na kuuingiza kwenye modeli ya kompyuta inayokadiria safari: watu watatoka wapi kwenda wapi, kwa gari, basi, baiskeli au miguu. Modeli inatoa idadi ya kilomita zitakazoendeshwa, na kutokana na hizo, tani za hewa ukaa. Kisha wanaingiza mpango mpya. Tofauti kati ya majibu hayo mawili lazima ifikie kiwango kilichowekwa kwa kila eneo. Kwa jimbo zima, kiwango cha mwaka 2030 ni kupunguza tani milioni 1.5. Ukitumia makadirio ya kawaida ya Marekani, kwamba gari moja hutoa karibu tani 4.6 kwa mwaka, hiyo ni sawa na kuondoa barabarani magari zaidi ya 300,000.

Baraza likishindwa kufika, lina nafasi ya kuziba pengo kwa hatua nyingine zilizopangiwa alama: njia za waenda kwa miguu, nyumba nyingi zaidi karibu na vituo vya basi, mabasi ya umeme badala ya ya dizeli. Likishindwa hata kwa hizo, sehemu ya fedha zake inafungwa, na haiwezi kutumika ila kwa miradi inayopunguza moshi.

Magari ya umeme hayahesabiwi humo. Baraza haliwezi kukunja mikono na kusema, "Watu watanunua magari ya umeme, moshi utapungua wenyewe." Ununuzi huo umeshaingizwa kwenye makadirio ya mwanzo, kabla hesabu haijaanza. Kinachopimwa ni kile ambacho orodha ya miradi yenyewe imebadilisha. Ndiyo maana viwango vya 2040 na 2050 ni vidogo kuliko cha 2030: kufikia wakati huo magari mengi yanatarajiwa kuwa ya umeme, na kila kilomita iliyookolewa itakuwa imebeba moshi kidogo.

Lakini kupanua barabara kunaongezaje moshi? Wengi tungedhani kinyume chake, kwamba foleni ikipungua, mafuta yanayoungua bure yanapungua pia. Kwa miezi ya mwanzo huwa hivyo. Kisha aliyekuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni anaanza kuondoka saa moja. Aliyekuwa akipanda treni anarudi kwenye gari. Mjenzi wa nyumba anauza viwanja mbali zaidi kwa sababu mji umekuwa "karibu". Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti wa miji ya Marekani ulioonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa hupanda karibu sawia na kilomita za njia zinazoongezwa. Denver ilikuwa na mfano wake tayari. Kati ya 2001 na 2006 barabara kuu ya I-25 kusini mwa jiji ilipanuliwa sambamba na ujenzi wa reli, kwa gharama ya karibu dola bilioni 1.7. Foleni zilirudi.

Hesabu ilipopigwa, I-25 ndiyo iliyoangukiwa. Palikuwa na mpango wa kuipanua katikati ya Denver, na mwingine wa barabara ya C-470 upande wa kusini-magharibi. Septemba 2022 DRCOG ikapitisha mpango uliorekebishwa bila upanuzi huo, na takriban dola milioni 900 zikaelekezwa kwenye mabasi ya kasi, njia za baiskeli na mengineyo. Makandarasi walinung'unika. Watu wa kaunti za kaskazini, wanaoendesha mwendo mrefu kila siku bila basi la kuaminika, walinung'unika zaidi, na walikuwa na hoja. Nje ya Denver upanuzi haukukoma: I-25 kuelekea Fort Collins iliendelea kuongezewa njia za kulipia. Kwa hiyo anayesema Colorado imeacha kujenga barabara anatia chumvi. Imelazimika kuchagua, na hilo kwa idara ya uchukuzi ya Marekani ni geni vya kutosha.

Upande wa haki una historia nzito zaidi. Mwaka 1964 barabara kuu ya I-70 ilifunguliwa ikipita juu ya nguzo katikati ya Globeville, Elyria na Swansea, vitongoji vya kaskazini mwa Denver vilivyokua kuzunguka viyeyushio vya madini na viwanda vya nyama. Wakazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, baadaye wengi wao Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Barabara iliwakata katikati. Shule ya msingi ya Swansea ikabaki ubavuni mwake, watoto wakicheza huku malori yakinguruma juu ya vichwa vyao. Mwaka 2018 CDOT ilianza kuirekebisha kwa zaidi ya dola bilioni moja: daraja refu likabomolewa, barabara ikazamishwa kwenye handaki la wazi, na mbele ya shule pakawekwa kifuniko chenye bustani ya ekari nne juu yake. Bustani ni nzuri, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Ila barabara iliyo chini yake ni pana kuliko ya zamani, nyumba zaidi ya 50 ziliondolewa kuipisha, na njia zilizoongezwa ni za kulipia, ambazo anayefaidika nazo zaidi ni mwenye kuwahi uwanja wa ndege kutoka vitongoji vingine.

Kwa kuwa na kumbukumbu kama hiyo, SB 260 iliunda ndani ya CDOT kitengo cha haki ya mazingira na usawa, na sheria nyingine ya mwaka huohuo ikatoa tafsiri ya jamii zilizoathirika kupita kiasi. Kwa tafsiri hiyo ya mwanzo, mtaa uliingia kwenye kundi hilo kama zaidi ya asilimia 40 ya kaya zake ni za kipato cha chini, au zaidi ya asilimia 40 ya wakazi si weupe, au zaidi ya asilimia 40 ya kaya zinaelemewa na gharama za nyumba. Unaweza kuiona kama takwimu za ofisini tu, mpaka ujue kwamba ruzuku hufuata ramani. Mtaa ukiwa ndani ya mstari, maombi yake ya njia ya waenda kwa miguu yanapewa kipaumbele. Ukiwa nje, unasubiri. Na mtunza bustani anayeishi chumba cha uani katika mtaa wa matajiri hayumo kwenye ramani yoyote.

Ramani ni afadhali, hata hivyo, ukilinganisha na ruzuku za magari ya umeme zilivyoanza. Kuanzia Julai 2023 jimbo lilitoa nafuu ya kodi ya dola 5,000 kwa anayenunua au kukodi gari jipya la umeme, mbali na ile ya serikali kuu. Mauzo yalipaa: kuna wakati mwaka 2024 karibu robo ya magari mapya yaliyouzwa jimboni yalikuwa ya kuchomeka kwenye umeme. Lakini maskini gani ananunua gari jipya? Na akilinunua, atalichaji wapi, kama anapanga ghorofa ya tatu na gari linalala barabarani? Ndipo Agosti 2023 ukaja mpango wa kubadilishana: mwenye kipato kidogo anasalimisha gari lake chakavu na kupewa vocha, iliyoanzia dola 6,000 kwa gari jipya la umeme na 4,000 kwa lililotumika. Waombaji wamekuwa wengi kuliko vocha. Kwangu hiyo ni dalili kwamba ruzuku ilipaswa kuanzia huko chini.

Pamoja na hayo, anayetegemea basi hajaguswa na lolote kati ya hayo. Kwake habari iko Colfax Avenue, barabara ndefu inayokwenda mashariki kutoka katikati ya Denver hadi mji jirani wa Aurora. Basi namba 15 linalopita hapo ni miongoni mwa yanayobeba abiria wengi kabisa Denver. Ukielekea mashariki, mabango ya Kihispania yanaanza kuchanganyika na ya Kiamhari, na ndani ya basi si ajabu kusikia Kiswahili cha Wakongomani waliopokelewa Colorado kama wakimbizi. Vituo vingi vilikuwa mlingoti tu na kibao, bila benchi wala kivuli. Basi linasimama nyuma ya gari linalosubiri kukata kushoto. Taa inawaka nyekundu. Linasogea, linasimama tena kumshushia ubao wa kupandia mzee mwenye kiti cha magurudumu. Kutahamaki basi la nyuma yake limelifikia, na abiria wa kituo kinachofuata amengoja nusu saa ili aone mawili yakija kwa mkupuo.

Dawa inayojengwa ni ile mkazi wa Dar es Salaam anayoiita mwendokasi: njia za basi peke yake katikati ya barabara, vituo vyenye jukwaa lililo usawa wa mlango wa basi, na taa zinazolipatia basi kipaumbele. Ujenzi upande wa Denver ulianza Oktoba 2024, gharama ni kama dola milioni 280, zaidi ya nusu zikitoka serikali kuu, na mabasi yanatarajiwa kuanza 2027. Wenye maduka madogo kando ya barabara wamelia kwamba vumbi na vizuizi vinawafukuzia wateja. Wapangaji wa nyumba nao wanaogopa pango kupanda, kwa sababu mtaa ukipata usafiri mzuri, mwenye nyumba hupata sababu. Mwaka 2024 bunge lilizitaka halmashauri nyingi ziruhusu nyumba zaidi karibu na vituo na kuzizuia, katika maeneo hayo, kuwalazimisha wajenzi wa maghorofa kuweka maegesho. Hilo linasaidia nyumba ziongezeke. Halimhakikishii aliyepo leo kwamba atabaki.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa nje hulikosa: jimbo halimiliki mabasi ya Denver. Ni ya shirika la kikanda, RTD, lenye bodi ya wajumbe 15 wanaochaguliwa na wananchi na kodi yake yenyewe ya mauzo. CDOT inaweza kujenga njia ya basi nzuri ajabu, na RTD ikakosa madereva wa kulipitisha basi kila dakika saba. Mwaka 2022 jimbo liliilipia RTD mwezi mzima wa Agosti ili usafiri uwe bure wakati ozoni inapokuwa mbaya. Abiria waliongezeka, mwaka uliofuata wakarudia kwa miezi miwili, kisha ukaisha kwa watu wazima, ukabaki wa vijana wa miaka 19 na chini. Wakazi wa Longmont, mji ulio kaskazini mwa Denver, kwa upande wao, wamekuwa wakilipa kodi ya mauzo iliyopigiwa kura mwaka 2004 ili wajengewe treni. Treni hiyo iliishia njiani, Westminster, mwaka 2016. Ndiyo maana mwaka 2024 bunge likaongeza tozo mbili, moja kwa magari ya kukodi na nyingine kwa uzalishaji wa mafuta na gesi, sehemu kubwa yake ikienda kwenye treni na kuendesha mabasi. Kulipia uendeshaji, si ujenzi peke yake, ni hatua ambayo majimbo mengi hayapendi, kwa kuwa mshahara wa dereva haukatiwi utepe.

Serikali kuu huko Washington nayo imebadilika. Juni 2025 Rais Trump alitia saini maazimio ya Bunge la Marekani yaliyofuta ruhusa ya California kuweka viwango vyake vya magari, na kanuni ya Colorado ya magari safi, inayosukuma mauzo ya magari ya umeme, inaegemea ruhusa hiyo. Majimbo yamekwenda mahakamani. Kanuni ya hesabu ya moshi haikuguswa moja kwa moja, kwa kuwa inahusu jimbo linavyochagua miradi yake. Lakini magari ya umeme yakichelewa, makadirio ambayo kila baraza lilianza nayo yatakuwa yamekosea, na kazi ya kufikia malengo ya jimbo itaangukia zaidi mabasi na mipango ya nyumba.

Mtihani wa karibu ni I-270, barabara fupi inayopita Commerce City, mji ulio kaskazini mwa Denver, kandokando ya kiwanda pekee cha kusafisha mafuta katika jimbo. Madaraja yake yamechakaa, hilo halina ubishi. CDOT imekuwa ikipendekeza pia kuongeza njia moja kila upande. Wakazi, wengi wao Walatino, pamoja na vikundi vya mazingira walidai tathmini kamili ya athari, na mwaka 2023 CDOT ikakubali kuifanya. Hoja yao inagusa udhaifu wa kanuni yenyewe: inapima jumla ya eneo zima, hivyo tani zilizookolewa Colfax zinaweza kufidia tani zitakazoongezeka Commerce City, na karatasi ikaonyesha baraza limefaulu. Kwa hewa ukaa, ambayo husambaa dunia nzima, ulinganifu huo ni sahihi. Kwa vumbi la dizeli, ambalo huishia kwenye mapafu ya wanaokaa jirani, si sahihi, na kanuni haina safu ya kuliandika.